Oda za vitumbua vya kesho

Habari za jioni wapendwa. Oda za vitumbua kwa mama yetu mwisho saa 12 jioni, na hela itangulie. Mchele unalowekwa usiku kucha. Usipolainika, rojo linabaki na chenga na vitumbua vinakuwa vigumu. Saa 9 usiku, wakati sisi tumelala, yeye anasaga, anatia tui, iliki na hamira. Rojo likikaa sana linachachuka, ndiyo maana hawezi kulimaliza jioni akalala. Mama huyu namheshimu mno. Ukighairi asubuhi, rojo halirudi kuwa mchele: hasara inaingia kwenye ada ya wanawe. Wenye madeni ya wiki iliyopita, lipeni leo tafadhali, mkaa anaununua kwa taslimu.