Nyuki wenu nimempunguzia rangi

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri na anakusalimu sana. Mchoro wa fulana za kikundi chenu cha wafuga nyuki nimeupata na nimeutazama kwa makini. Kwa kuwa unasema wenzako wanataka fulana ziwe tayari kabla ya maonyesho ya Nane Nane pale Ipuli, Tabora, nakujibu kwa kirefu, ili ukikutana nao uwe na la kuwaambia.

Mchoro ule, kama ulivyo, siwezi kuuchapa kwa skrini, yaani kwa kupitisha wino kwenye wavu mwembamba uliokazwa kwenye fremu, ukatoka vizuri. Kwenye simu unapendeza, sikatai. Ila simu haina hesabu ya rangi, na kwenye skrini kila rangi inadai fremu yake. Mle ndani nimeona manjano, chungwa, kahawia mbili, nyeusi, nyeupe na kijani cha majani, achilia mbali ile dhahabu inayofifia kutoka juu kwenda chini. Kila moja hapo ni fremu ya kupaka dawa, kuchoma kwenye mwanga, kuosha, kisha kuipanga ikae sawasawa na zenzake. Na gharama ya kuandaa fremu ni ileile, uchape fulana kumi au mia mbili. Ndiyo maana skrini inalipa pale fulana zinapokuwa nyingi na rangi chache. Mngetaka chache tu zenye picha ya rangi zote, ningekwambia utafute mtu wa DTF hapohapo Tabora: picha inatoka kwenye printa ikiwa juu ya plastiki, inabandikwa kwa joto, kazi imekwisha. Ninyi mnataka za kikundi kizima na nyingine za kuuza maonyeshoni, tena zivaliwe porini na zifuliwe kwa sabuni ya mche. Hiyo ni kazi ya skrini, na mimi nataka kuifanya.

Tuanze na nyuki mwenyewe. Huyo mliyemtoa mtandaoni ana mabawa mawili. Mwenye mabawa mawili ni nzi! Nyuki ana manne, mawili makubwa mbele na mawili madogo nyuma, na miguu yake sita yote inatoka kifuani, si tumboni. Mnunuzi wa Dar anaweza asilione hilo, lakini mfuga nyuki wa Sikonge ataliona akiwa bado mbali, na fulana hii ni ya wafuga nyuki. Vilevile ule mzinga wa majani yaliyosukwa ni wa Ulaya ya zamani. Sijauona Tabora hata siku moja. Chora mzinga wa gome ukiwa umening'inia kwenye tawi. Huo ndio mzinga wa kwenu, na mistari yake ni michache, skrini inaipenda.

Upande wa rangi, pendekezo langu ni hili, na naomba mlifikirie kabla ya kulikataa: fulana nyeusi, wino wa rangi mbili tu, nyeupe na manjano. Mistari myeusi ya tumbo la nyuki hatuichapi kabisa. Tunaiacha wazi, kitambaa chenyewe kinakuwa ndiyo rangi yake. Manjano peke yake juu ya nyeusi hufifia ikawa kama uchafu, kwa hiyo huwa natandika nyeupe chini, naikausha kidogo kwa joto mpaka isishike kidole, ndipo manjano inapanda juu. Fremu hiyohiyo ya nyeupe ndiyo itakayochapa mabawa na maandishi. Fremu mbili, na macho ya mtu yataona rangi tatu. Ile nyeupe ya chini lazima niipunguze kingo kidogo sana, chini ya nusu milimita, la sivyo fulana ikisogea kidogo tu mezani unaona uzi mweupe unachungulia pembeni ya manjano, na kazi nzima inaonekana ya haraka.

Najua utauliza kwa nini naikataa ile dhahabu inayofifia. Nikueleze namna skrini inavyotengenezwa utaona mwenyewe. Rangi yoyote ile, hata manjano, kwenye karatasi angavu ya kuchomea hutolewa nyeusi tii, kwa sababu kazi yake pale ni kuzuia mwanga. Dawa iliyopigwa na mwanga huganda na kushikamana na nyuzi. Iliyokuwa chini ya weusi hubaki laini na kuondoka na maji. Ningependa siku moja uwepo wakati wa kuosha. Unanyunyiza maji, kwa muda huoni kitu, halafu ukingo wa bawa unaanza kufunguka, kisha mistari ya tumbo mmoja baada ya mwingine, mpaka ukiinua fremu juu nyuki mzima yuko wazi na unamwona jirani akianika nguo kupitia kwake. Sasa rangi inayofifia si nyeusi wala si wazi. Inabidi ivunjwe iwe nukta, kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, na nukta ndogo mno hazishiki kwenye nyuzi, zinaondoka na maji. Inawezekana, nimeshaifanya kwenye kazi nyingine, lakini kwa nyuki wa mkulima sioni inaongeza nini.

Nyuzi za skrini nazo zina namba. Wewe uliwahi kuishi huku Kigoma, unajua wavu wa dagaa si wavu wa migebuka. Huku nako ni hivyo. Skrini ya nyuzi 43 kwa sentimita inapitisha wino mwingi, nzuri kwa nyeupe nzito juu ya nyeusi, ila mistari myembamba inakatika. Ya nyuzi 77 au 90 inashika mistari midogo lakini wino unapita mwembamba. Kwa kuwa ninyi mnahitaji nyeupe nzito, chora kwa mkono mzito: mstari usipungue theluthi moja ya milimita, na nafasi ya kuachwa wazi katikati ya wino iwe pana zaidi ya hapo, maana wino hutanuka na kuziba. Mishipa ya bawa mitatu inatosha.

Hapo ndipo inakuja habari ya maandishi. Jina la kikundi, kaulimbiu, mwaka, barua pepe na namba za simu za viongozi, vyote kifuani! Shoga, herufi za milimita nne hakuna atakayezisoma, na tundu la “e” na la “a” yataziba. Mbele weka nyuki na jina la kikundi. Kaulimbiu ipeleke mgongoni, mstari mmoja mfupi, jinsi jina la kanga linavyokaa peke yake na kusomeka. Namba za simu ziandikeni kwenye kopo la asali, ndiko mnunuzi atakakozitafuta.

Upana wa mchoro wa mbele, sentimita 28 unatosha kwa watu wazima, uanze sentimita saba au nane chini ya kola. Skrini ni moja kwa saizi zote, kwa hiyo angalieni fulana ndogo kuliko zote kwanza. Kama mnataka na za watoto, nijulishe mapema, zile zitahitaji fremu zao.

Fulana zenyewe nunueni za pamba. Zile za michezo zinazoteleza ni poliesta, na wenzako wasishawishike na bei. Wino wa plastisoli, yaani ule wenye asili ya plastiki ninaochapia, unataka joto la nyuzi 160 hivi ndipo ukomae, na joto hilohilo huitoa rangi ya poliesta na kuipandisha kwenye wino. Nyeupe juu ya fulana nyekundu inageuka waridi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kazi, fulana zikiwa zimeshakunjwa kwenye mfuko.

Mkishakubaliana, kijana wenu wa kompyuta achore upya kwenye programu ya CorelDRAW, kila rangi peke yake, na maandishi ayageuze kuwa michoro ili yasibadilike kwenye mashine yangu. Kama atachora kwa mkono na kuskani, upande wa upana uwe na nukta zisizopungua 3,300. Asinitumie kama picha ya WhatsApp, inabanwa; atume kama dokumenti. Nitachapa moja kwanza, niikabidhi kwenye treni ije Tabora. Ifueni, ianikeni juani, ifueni tena, mvute kitambaa kwa mikono miwili mwone kama wino unapasuka. Mkiridhika ndipo niendelee na zilizobaki.

Nijibu upesi, maana kabla ya Nane Nane kazi huwa zinajaa. Wasalimie watoto na wanakikundi wote.

Wako akupendaye,
rafiki yako wa Ujiji