Mitambo inatembea, skrini imekufa: SCADA mpya kwenye PLC za zamani

Simu za namna hii huja asubuhi. "Fundi, kompyuta ya kontroo imekufa. Uzalishaji unaendelea, ila hatuoni kitu." Mara nyingi mteja akitufikia ameshaambiwa na mtu mwingine kwamba mfumo wote umepitwa na wakati, ang'oe PLC, ile kompyuta ndogo ya ndani ya paneli inayoendesha mitambo, afunge mpya. Akionyeshwa bei ananyamaza wiki mbili, huku waendesha mitambo wakipanda ngazi kila saa kwenda kusoma geji ya boila.

Sisi huanza na swali moja: PLC yenyewe inafanya kazi? Kama mota zinawaka na kuzima kwa mpangilio wake, basi iache. Kilichokufa ni njia ya kuitazama, yaani SCADA, programu ya kompyuta inayoonyesha hali ya mitambo kwenye skrini, na njia hutengenezeka.

Chukua mfano wa PLC-5 ya Allen-Bradley. Iliingia sokoni mwaka 1986, na mtengenezaji akaacha kuiuza 2017, lakini zile zilizokwisha kufungwa hazina habari na hilo, zinapiga kazi tu. Zinaongea kwa mtandao wa Data Highway Plus, mafundi husema DH Plus: kebo ya buluu yenye nyaya mbili zilizosokotwa, zikafunikwa kwa kinga ya kelele za umeme, inayotoka paneli hii kwenda ile. Kompyuta ya zamani iliingia humo kwa kadi maalumu ya kuchomeka kwenye nafasi ya ISA. Kompyuta ya leo haina nafasi hiyo, na kadi yenyewe hutaipata Kariakoo hata uzunguke kutwa nzima.

Ndiyo maana kununua kompyuta mpya peke yake hakusaidii. Kinahitajika kitu cha katikati, kinachojua DH Plus upande mmoja na Etherneti upande wa pili. Vipo visanduku vidogo vya kazi hiyo. Ipo pia njia ya mtengenezaji mwenyewe: raki ya ControlLogix, PLC yake ya kizazi cha baadaye, yenye moduli ya 1756-DHRIO na moduli ya Etherneti. Raki hiyo haihitaji hata CPU, yaani ubongo, ndani yake, kazi yake ni kupitisha ujumbe. Kama PLC ni moja tu, mara nyingine tunapitia mlango wake wa siriali kwa itifaki ya DF1, yaani lugha ya mlango huo. Ni nafuu kuliko zote, ila mwendo wake wa kobe.

Kwenye anwani, namba ya kila PLC mtandaoni humo, ndipo tuliwahi kupoteza nusu siku. Kilikuwa kiwanda cha mafuta ya kula, PLC nne. Tatu ziliitika mara moja. Ya nne, ya upande wa kusafishia mafuta, kimya. Kijana wetu akabadilisha viungo vya kebo, akapima rezista za mwisho wa laini (zinatakiwa omu 150 kila ncha, na zilikuwepo), akaanza kuishuku PLC. Mlangoni mwa paneli palikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 15. Mzee wa umeme wa pale, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akitutazama, akauliza, "Mwanangu, hiyo kumi na tano umeihesabu kwa vidole vingapi?"

Vinane. DH Plus huhesabu kwa nane: baada ya 7 inakuja 10, hakuna 8 wala 9, na anwani ya mwisho ni 77. Programu yetu ilitaka hesabu ya kawaida ya kumi, kwa hiyo 15 ya kwenye kibandiko ni 13 kwenye kompyuta. Tukaandika 13, joto la mafuta likatokea kwenye skrini. Mzee yule tulimwamkia mara ya pili siku hiyo hiyo.

Hilo la anwani angalau hujionyesha. Linalotutia wasiwasi zaidi halionekani siku ya makabidhiano. DH Plus kwa kawaida hukimbia kilobiti 57.6 kwa sekunde, yaani baiti 7,200 ukihesabu kila kitu. Na njia hiyo si ya SCADA peke yake. Stesheni, yaani kila kifaa kilichoungwa humo, hupokezana tokeni: aliyenayo anasema, akimaliza anampa mwenzake. PLC nazo hupeana habari humo humo, kwa mfano tanki limejaa, pampu ya ng'ambo isimame.

Sasa mtu anafunga SCADA ya kisasa, anaweka tagi 900 (tagi ni thamani moja inayosomwa, kama joto la tanki), na kila moja anaipangia isomwe kila milisekunde 100. Hayo ni maswali 9,000 kwa sekunde. Hata kila swali lingekuwa baiti moja, waya usingeyabeba. Skrini itapendeza tu, namba zitacheza kwa kusuasua. Kitakachochelewa ni ule ujumbe wa tanki.

Dereva nzuri, ile programu ya kompyuta inayoiuliza PLC maswali hayo, hupunguza tatizo kwa kukusanya anwani za kumbukumbu ya PLC zinazofuatana na kuzisoma kwa swali moja. N7:0 hadi N7:79 ni ombi moja. Lakini N7:3, N23:110 na F8:46 ni maombi matatu, na programu nyingi za zamani zimetapanya data namna hiyo kwa sababu kila fundi aliyepita aliongeza yake mahali alipoona nafasi. Kwa hiyo kabla ya kuchora skrini hata moja, tunaongeza mistari michache ndani ya PLC ya kunakili vinavyohitajika kwenye faili moja. Joto la tanki tunalisoma kila sekunde mbili. Mteja huona tunabana, tunabana kweli.

Na kabla ya kuigusa PLC, tunachukua nakala ya programu. Programu ya PLC-5 hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri ikiwa imekufa na umeme ukazimwa, kama hakuna nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, programu imeondoka. Halafu jua hili: nakala unayoivuta kutoka kwenye PLC huja bila maelezo ya mafundi. Hayo yalibaki kwenye faili la kompyuta ya zamani, kwa hiyo hiyo kompyuta usiitupe. Diski yake bado ina thamani.

Kama SCADA yako inasoma kwa OPC ya zamani (njia ya programu kupeana data za mitambo) kutoka kompyuta nyingine, tazama pia masasisho ya Windows. Kuanzia 2021 Microsoft ilikaza ulinzi wa DCOM, sehemu ya Windows ambayo OPC hiyo huitumia kuongea kati ya kompyuta, hatua kwa hatua, na tangu Machi 2023 ukazaji huo hauzimiki. Ama seva ya OPC na SCADA zikae kwenye kompyuta moja, ama uhamie OPC UA, toleo jipya lisilotegemea DCOM.

Kuhusu usalama hatubembelezi: PLC hizi zikishaingia Etherneti, tunaziweka nyuma ya ukuta wa moto, mbali na mtandao wa ofisi. Wengi wanaamini ufunguo wa mbele ya PLC ukiwa RUN basi wamekwisha. RUN humzuia mtu wa mbali kubadilisha programu, lakini bado anaweza kuandika thamani mpya ya joto. Kama skrini ni ya kutazama tu, tunafunga uandishi kwenye kisanduku chenyewe.

Ukitaka tukupe makadirio, tutumie picha nne: sura ya mbele ya PLC namba yake ikisomeka, mahali kebo ya buluu inapoingia, kadi iliyoko kwenye kompyuta iliyokufa, na kibandiko cha anwani cha kila paneli. Taa ya betri ikiwa inawaka nyekundu, tupigie kwanza, na umeme wa hiyo paneli usizimwe mpaka tufike.