Waya ilikatika pahali pamoja, mbona tumekutoza viungo viwili?

Swali hili haliishi hapa karakana: "Waya ya taa imekatika pahali pamoja tu. Hivi viungo viwili na waya mpya sentimita 20 vimetoka wapi? Si mngepiga tepu?" Anayeuliza hivyo anahisi kaibiwa, na ni haki yake apate jibu kamili.

Waya ya gari ni nyuzi nyembamba nyingi za shaba ndani ya plastiki, na maji hupanda kati ya nyuzi hizo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Gari likilala Nyali au likivuka Likoni kila siku, hapa Mombasa kando ya bahari, maji hayo yana chumvi. Ukisokota ncha kwa vidole na kuzungusha tepu, joto la injini hulainisha gundi, tepu hufunguka, chumvi huingia. Shaba ya nje inakuwa kijani, ya ndani nyeusi, na solda, madini laini yanayoyeyushwa kuunganisha waya, haishiki shaba nyeusi hata uibembeleze vipi. Kwa hiyo tunakata kurudi nyuma mpaka ing'ae. Waya ikishakuwa fupi lazima itiwe kiraka, na kiraka kina ncha mbili, kila ncha na kiungo chake.

Hiyo tepu ndiyo ghali. Balbu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6. Kiungo kibovu chenye ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.2 tu hula karibu volti 0.9, na wati 4 hugeuka joto pahali padogo kuliko ukucha. Taa inafifia, lakini fyuzi haikatiki kwa sababu umeme haujazidi. Inakatika siku plastiki imeyeyuka na waya kugusa bodi ya gari. Hapo kuna wanaochomeka fyuzi ya ampea 30 penye 15, na waya zote za upande ule huungua.

Sisi tunatoa hasi ya betri, kisha tunavisha kwanza slivu yenye gundi, ule mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Ukiisahau, utakata upya. Tunachuna milimita 12 kila upande, tunasokota, tunapasha shaba yenyewe mpaka iyeyushe solda. Solda ya asidi, ya mafundi bati, haiguswi: asidi hubaki ndani ikila shaba. Slivu hupanda juu ya plastiki sentimita 2 kila upande, na tunaipasha hadi gundi ichungulie ncha zote mbili. Mwisho waya hufungwa isicheze, maana solda hukakamaza nyuzi, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo hukata.

Kipande cheusi tulichokikata tunakuwekea. Ukija, dai ukione. Taa zikiwa zimewashwa, tutapima mbele yako kutoka chanya ya betri hadi chanya ya balbu. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kazi bado haijaisha na hulipi.