Tazameni waya wa ethi kabla ya kununua betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye pikipiki za zamani, na mafundi wenzangu pia. Kazi yangu ni nyaya na betri. Injini nawaachia wengine. Karibu kila pikipiki kuukuu inayosukumwa hadi kwangu huja na hukumu mkononi: "Betri imekufa." Wengine wameshanunua mpya, na tatizo liko palepale.

Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma nayo ikapepesa, au ukikanyaga breki taa hiyo ikafifia badala ya kung'aa, usizilaumu balbu. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye hasi ya betri, sasa unapenya uchochoroni kupitia balbu nyingine. Fuata waya wa ethi, yaani ule wa kuurudisha umeme huo, mpaka ulipofungwa kwenye fremu. Utakuta kutu, au rangi. Watu hupaka fremu upya ipendeze, kisha boliti hukazwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme! Kwangua hadi chuma kionekane, kaza, paka grisi kidogo.

Pengine pa kutazama ni shingoni, nyaya zinapoelekea taa kubwa. Kila ukikata kona zinapinda, na baada ya miaka nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Washa taa, geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ikizimika upande mmoja, umepata.

Betri ipimwe, sikatai, ila kwa mita. Ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Injini ikiwaka na resi ikipanda, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, hata betri mpya itaisha. Kagua soketi za rektifaya (inayogeuza umeme uweze kuchaji betri) na koili za magneto (zinazozalisha umeme huo injini ikizunguka). Ikivuka 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndiyo inayoiua betri.

La fyuzi nalisema kwa hasira. Ikiungua leo na kesho tena, kuna waya uliochubuka unagusa chuma, mara nyingi chini ya tangi au kiti. Anayeziba pale kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara amechagua nyaya ziungue badala ya fyuzi. Akija kwangu zikiwa zimeyeyuka na kugandana, nitamsukia mfumo mzima upya, na asiniulize kwa nini gharama ni kubwa.

Fundi umeme wa pikipiki