Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: data zetu ziwe na njia ya kutoka winguni

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kibirizi, Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha kina mama wa dagaa wanaoweka akiba na kukopeshana.

Kwa miaka mitatu hesabu zetu zilikaa kwenye huduma ya wingu ya kampuni moja, yaani kwenye kompyuta zake za mbali tunazozifikia kwa intaneti. Ilitufaa sana. Simu ya mwenyekiti ilitumbukia ziwani na haikupotea hata shilingi ya mwanachama, maana kumbukumbu zilikuwa kwenye seva za mbali. Kisha ada ikapanda maradufu, tukaamua kuhama. Nilipoomba data zetu, nikatumiwa picha za kurasa zaidi ya mia nne. Huwezi kujumlisha kitu humo, wala kutafuta jina.

Nilikesha siku sita na kaunta buku na taa ya sola, nikinakili mkopo mmoja mmoja. Usiku wa nne nikaruka mstari. Mama mmoja akasomwa mbele ya wenzake kuwa anadaiwa shilingi 180,000 ambazo alikwisha kulipa. Alilia. Kosa lilikuwa langu na nilimwomba radhi, lakini kazi ile haikupaswa kufanywa kwa mkono.

Sisi wa Kigoma jambo hili tunaliona kwenye reli. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na upana wake ni mita moja. Reli ya kisasa ni milimita 1,435. Behewa la njia ile halipiti njia hii. Mzigo sharti ushushwe, upakiwe upya. Ila vipimo vya reli havifichwi, fundi yeyote anavijua. Kampuni ya wingu ikificha vyake, mzigo wako umekwama huko huko.

Na viwango vya wazi, yaani vipimo vya data ambavyo yeyote anaweza kuvisoma na kuvitumia, vipo. ODF, muundo wa faili za maandishi na majedwali, ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006. Hata programu za kuendeshea wingu lenyewe zipo zilizo wazi, kama OpenStack iliyoanzishwa mwaka 2010. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: Sheria yake ya Data, inayotumika tangu Septemba 12, 2025, inawabana watoa huduma wamwachie mteja ahame, na kuanzia Januari 12, 2027 hawatamtoza ada ya kuhama.

Naomba nasi tufike hapo. Kila mkataba wa wingu unaolipiwa na Serikali, uwe wa halmashauri, shule au zahanati, useme data zitatoka katika muundo wa wazi bila malipo. Tena zijaribiwe kutolewa kabla ya malipo ya kwanza. Hapo kwenye jaribio nakusihi usilegeze, Mheshimiwa, kwa sababu mkataba wetu nao uliandika kwamba data ni mali ya mteja, na bado tukapewa picha.

Kaunta buku ile ninayo bado. Ukifika Kigoma nitakuonyesha mstari niliouruka.

Mtunza hesabu,
Kibirizi, Kigoma