Mwanangu, usiache dawa ili uonekane una imani

Tumsifu Yesu Kristo, mama.

Shangazi yako alipiga simu Jumapili jioni. Sauti yake haikuwa ya kawaida, nikambana mpaka akasema. Kwamba huko unakosali na wenzako wa chuo umeambiwa vidonge vyako vya kifafa ni ushahidi wa shaka, na mwenye shaka asitegemee kupokea kitu kwa Bwana. Kwamba ulisimama mbele ya watu ukaliweka kopo la dawa pale mbele. Kabla ya mengine yote nijibu hili moja: unameza au humezi?

Sikuandikii kukugombeza kwa sababu unasali na watu wa dhehebu lingine. Unayapenda maandiko tangu mdogo, na mimi kwa hilo nakusifu mpaka jumuiya nzima imechoka kunisikiliza. Kilichoniuma ni kusikia kwa shangazi. Nimeambiwa unalala na hofu, unajiuliza kama Mungu anakusikia, kama hata yupo. Neno zito hivyo ungeniletea mimi. Ulidhani baba yako atakufukuza nyumbani?

Hilo andiko walilokusomea nalijua, Yakobo 1:6, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Rudi nyuma mstari mmoja tu. Wa 5 unasema mtu akipungukiwa na hekima aombe dua kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Ikiwa Mungu mwenyewe hamkemei aliyepungukiwa, hao vijana wamepata wapi kibali cha kukukemea wewe?

Halafu fungua Marko 9. Hiyo sura naisoma kama barua niliyoandikiwa mimi, kwa sababu yule baba ana mtoto anayeanguka. Mathayo 17 inataja wazi kwamba ni kifafa, na kwamba mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini. Kwetu Mahenge nani hajaona hayo? Bibi yako alikuwa akisimulia jinsi watu walivyoachwa waungue jikoni kwa kuwa kila mtu aliogopa kuguswa na lile povu. Yesu anamuuliza yule baba ugonjwa umeanza lini, vilevile anavyokuuliza mganga wa kliniki akiwa na faili lako mkononi. Baba anajibu, tangu utoto. Kisha anasema "ukiweza neno lo lote," maana wanafunzi wameshajaribu wakashindwa na tumaini limemwishia. Yesu anamjibu kwamba yote yawezekana kwake aaminiye. Naye anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Angalia kinachofuata. Hakuambiwa aende nyumbani akaondoe shaka kwanza ndipo arudi. Mtoto aliponywa palepale, baba akiwa na imani na kutokuamini kinywani kwa wakati mmoja. Na yule kijana mwenyewe hakuulizwa hata mara moja ana imani kiasi gani. Watakuonyesha kwamba Marko anasema lilikuwa pepo. Mimi si padre, siwezi kubishana nao kwa Kiyunani. Ninachoona ni kwamba mgonjwa hakulaumiwa, na hakuna aliyemwambia athibitishe lolote kwa kujihatarisha. Wewe unaambiwa uthibitishe kwa kuacha vidonge. Mama, ukiviacha ghafla unaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo inaua. Ulielezwa kliniki, na mimi nilikuwa nimekaa kando yako.

Kliniki hiyo ya kifafa ya hapa Mahenge haikuota yenyewe kama uyoga. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wenye kifafa huku walikuwa wakilishwa peke yao kwa kuogopwa. Ukiniuliza mimi, huo ni mkono wa Mungu. Katika Biblia yetu yenye vitabu 73 kuna Yoshua bin Sira, sura ya 38: Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini, na mtu mwenye busara hazidharau. Wenzako watasema kitabu hicho kwao hakimo. Sawa, wasome basi 1 Timotheo 5:23, Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mbona hakumwambia akemee tumbo?

Na hofu nayo usiione dhambi. Bwana wetu kule Gethsemane alifadhaika sana na kuhangaika, imeandikwa. Mama Teresa wa Kalkuta, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 alisali gizani, hamsikii Mungu. Kanisa lilisoma yote hayo na bado mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Hata siku ya kutumwa ulimwenguni kote, Mathayo 28:17, wale kumi na mmoja walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Wakatumwa hivyohivyo, wote pamoja.

Mimi naogopa pia. Usiku ule ulipoanguka, ambao kila mtu anaukumbuka isipokuwa wewe, mama yako ndiye aliyekushika. Mimi nilikuwa mlangoni, miguu haikusogea, na rozari mfukoni. Basi.

Sasa sikiliza. Mikesha ya mpaka asubuhi acha, kukosa usingizi kunakuangusha, hilo tumeliona. Kufunga usifunge, Kanisa halimlazimishi mgonjwa. Usipike peke yako kwenye jiko la mkaa. Mwenzako wa chumbani ajue la kufanya: akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni. Kama kopo wamelitupa, nenda hospitali kesho asubuhi na kadi yako, eleza ukweli kwamba umekatisha, usijipimie dozi mwenyewe. Hela nimetuma kwa simu. Usiwape sadaka hiyo.

Ukitaka kuendelea kusali nao, sali. Ukikosa cha kumwambia Mungu, mwambie hivyohivyo kwamba huna. Lakini unameza?

Huku mvua imekata barabara ya kushuka Ifakara, basi linalala njiani. Mchele wako uko kwenye gunia, nusu ni wa shangazi, usimpunje. Bati za jiko la nje zimeezuliwa na upepo, kaka yako ameahidi kuja kuzipiga, anaahidi tangu mavuno. Mama yako mgongo unamsumbua, ila hataki ujue, kwa hiyo usimwambie nimekuandikia.

Mdogo wako anapata kipaimara mwaka huu. Nilimuuliza nani awe msimamizi wake, akakutaja wewe bila kufikiri. Nikamwambia dada yako ana maswali mengi siku hizi. Akasema hata yeye anayo. Paroko anahitaji nakala ya cheti chako cha kipaimara kabla ya mwisho wa mwezi, kiko kwenye ile bahasha ya kaki uliyoondoka nayo. Piga picha unitumie, na umwambie mdogo wako unavaa viatu namba ngapi, anataka mfanane.

Baba yako