Ahad Ha'am na Ginsberg ni mtu mmoja

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mpango wa Waingereza wa 1903 wa kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, ule ulioitwa mpango wa "Uganda", niliisomea barazani kwangu, Eldoret, nyanda zenyewe zikiwa mbele ya macho yangu. Niliifurahia hadi nilipofika kwenye aya inayowataja "waandishi wawili wa Kiebrania, Ahad Ha'am na Asher Ginsberg". Tunaambiwa walikuwa wajumbe waliomsaidia Theodor Herzl kuanzisha Uzayoni, yaani harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, kwenye mkutano wa Basel, Uswisi, mwaka 1897, kisha wakawaongoza waandishi wenzao wote kuupinga mpango wa "Uganda".

Hao wawili ni mtu mmoja. Asher Ginsberg alizaliwa mwaka 1856 huko Skvira, karibu na Kiev. Ahad Ha'am, yaani mmoja wa watu, ni lakabu aliyoitumia mwaka 1889 alipochapisha makala yake ya kwanza katika gazeti la Hamelitz. Simlaumu sana mwandishi wenu. Nami nilipoanza kumfuatilia nilimtafuta chini ya herufi A nikatoka patupu. Vitabu vyake vilikuwa chini ya G, na kwingine jina limeandikwa Ginzberg, kwa z. Kosa la namna hii hujificha kwenye faharasa, na mwenye haraka huondoka na watu watatu.

La ujumbe ni zito zaidi. Ni kweli Ahad Ha'am alikuwepo Basel mwezi Agosti 1897, lakini alikuja kama mgeni, si mjumbe. Aliandika kwamba alikaa miongoni mwa wenzake kama mfiwa aliyejikuta harusini. Aliporudi Odessa alilitumia jarida lake la Ha-Shiloah kuukosoa mkutano ule: wokovu wa Israeli, alisema, utaletwa na manabii, si wanadiplomasia. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye safu ya wasaidizi wa Herzl, umemtoa kwenye historia yake mwenyewe.

Wala kusema alikuja kuanzisha kitu pale si sawa. Chama cha Hovevei Zion, kilichowasaidia Wayahudi kuhamia Palestina, kilikuwa na makao Odessa tangu miaka ya 1880 chini ya Leon Pinsker, na Ahad Ha'am alikuwa ndani yake, akikikosoa vilevile. Mwaka 1889 alikuwa kiongozi wa kundi dogo la siri, Bnei Moshe. Mwaka 1891 alikwenda Palestina kujionea, akarudi na makala iliyowaudhi wengi: nchi ile si tupu, mashamba yanayofaa kulimwa yana wenyewe, na walowezi wanawatendea Waarabu vibaya. Kitabu cha Herzl kuhusu dola ya Wayahudi kilitoka 1896. Ukizipanga tarehe hizi kwa mfuatano tu, bila hata kufungua kumbukumbu za mkutano, ile sentensi ya "kumsaidia Herzl kuanzisha" haisimami.

Sasa la kwetu. Mwaka 1903 Ahad Ha'am aliupinga mpango, hilo ni sahihi, na ushahidi ni makala yake kuhusu "wanaolia", wale wajumbe wa Urusi waliotoka ukumbini na kuangua kilio baada ya kura kupigwa kwenye mkutano wa Wazayoni wa mwaka huo. (Kura yenyewe, 295 kwa 178, ilikuwa ya kutuma tume ije kukagua ardhi, si ya kuikubali ardhi. Hata hili makala yenu imelichanganya.) Lakini "waandishi wenzao wote"? Eliezer Ben-Yehuda, ambaye kila anayezungumza Kiebrania leo ana deni kwake kwa kuifufua lugha hiyo, aliunga mkono mpango huo. Huyu alikuwa ameshaandika kuhusu kurudi Palestina mwaka 1879, akahamia Yerusalemu mwaka 1881, na akiwa hukohuko Yerusalemu aliona heri Wayahudi wa Urusi waliokuwa wakiuawa wapate pa kukimbilia, hata kama ni huku kwetu Uasin Gishu. Mwandishi wenu alikuwa na kisa kitamu mkononi akakipita.

Na hiyo "Uganda" naomba iwekwe ndani ya alama za mtajo kila mara. Eneo hili lilihamishwa kutoka Uganda kwenda himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, na jina likabaki likitembea na reli, iliyoitwa Reli ya Uganda. Miaka kadhaa nilisimama mbele ya darasa nikiwaambia wanafunzi kwamba Wayahudi walipewa Uganda, mpaka kijana mmoja aliponiuliza kama Eldoret iko Kampala.

Katika toleo lijalo naomba mwandike mtu mmoja badala ya wawili, mgeni badala ya mjumbe, na mumtaje Ben-Yehuda.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Eldoret